Hema Lisilofunguliwa

Kwa miaka kumi na mitatu Abdulrazak Mbarouk ameishi kwa kufungua katoni za watu wengine. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Arusha huagiza mzigo Guangzhou, China, na Abdulrazak, Mzanzibari aliyepanga chumba kimoja huko katika mtaa wa Xiaobei, huenda kiwandani kuukagua kabla haujaingia kwenye kontena. Kazi ina kanuni zake. Kwanza kiwanda hutoa sampuli. Mkaguzi huitia sahihi na kukaa nayo mpaka mnunuzi apokee mzigo na kuridhika. Siku ya kupakia, katika kila katoni kumi hufunguliwa moja, tena ya juu, ya kati na ya chini, na kilichomo hulinganishwa na sampuli ile.

Mwezi wa Machi alikwenda kukagua mahema mia tatu ya Aloyce, mtembeza watalii wa Arusha. Lori la kontena lilikuwa limechelewa, na mwenye kiwanda, laoban kama wanavyomwita, alipiga makofi kila dakika kuwahimiza watu. Abdulrazak alifungua katoni za safu ya juu tu. Zilikuwa safi kabisa, akatia sahihi. Alipokuwa akiondoka, laoban alichomoa hema moja kutoka safu ya chini akamkabidhi kwa tabasamu: zawadi ya mtoto. Abdulrazak alilituma Kansas, Marekani, bila hata kufungua mfuko wake.

Huko Kansas ndiko Muzdalifa, binti yake wa pekee, anakosomea elimu ya udongo kwa ufadhili. Ni jimbo la nyika, nyasi mpaka upeo wa macho, na Muzdalifa ameazimia kuzuru hifadhi zake nyingi kadiri awezavyo kabla hajahitimu. Kila anakofika humtumia baba yake ujumbe wa sauti, naye huusikiliza Jumapili akizunguka ziwa la bustani ya Liuhua, nyuma ya masoko ya nguo.

"Baba, leo nimeona nyati wa huku, wana nundu, wamesimama kwenye nyasi zinazonifika kifuani!"

"Baba, kuna minara ya mawe meupe kama chaki katikati ya uwanda mtupu. Wanasema zamani hapa palikuwa bahari. Nikakukumbuka, ungeuliza samaki wamekwenda wapi."

Abdulrazak alicheka, lakini uwanda ule ulimtia hofu. Hakusikia mti, ukuta wala kibanda vikitajwa.

"Mwanangu, mvua ikija mnajificha wapi?"

"Kwenye hema lako, Baba. Si umelikagua mwenyewe?"

"Nimelikagua," alijibu.

Jumapili moja ya mwezi wa Mei, saa mbili asubuhi, alikaa kwenye mgahawa wa Chausiku, chini ya jengo analoishi, akafungua ujumbe ambao Aloyce alikuwa ameutuma usiku.

"Kaka Razak, umenifanya nini? Haya mahema nguzo zake si alumini. Ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha! Nimefungua kumi, saba ni hivyo hivyo. Upepo mdogo tu wa jioni, zimekatika kama biskuti."

Chini ya ujumbe huo kulikuwa na picha kutoka kwa Muzdalifa, iliyoingia dakika ishirini zilizopita. Kansas ilikuwa bado Jumamosi jioni. Alikuwa amepiga kambi kando ya Ziwa Wilson, penye miamba myekundu. Hema lilisimama karibu na maji. Nyuma yake wingu zito lilifunika nusu ya mbingu, rangi yake kama jeraha lililovilia damu.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakatika.

"Laoban gani tena kakutibua asubuhi yote hii?" Chausiku alimtania, akimwekea chapati. Alipomtazama usoni aliacha kucheka. "Kaka Razak, kuna nini?"

"Muzdalifa yumo ndani ya hema bovu."

Chausiku alifuta mikono, akatafuta ramani ya hali ya hewa kwenye simu yake. Juu ya ziwa lile kulikuwa na doa jekundu la dhoruba, na lilikuwa likitanuka.

Abdulrazak aliandika: *Toka kwenye hema. Usilitegemee.* Ujumbe haukujibiwa. Akapiga tena, mara ya tano, ya tisa. Kisha, kwa kushindwa kutulia, alipanda chumbani akarudi na sampuli aliyoitia sahihi. Alichomoa nguzo moja, akaiweka gotini, akaikunja kwa nguvu zake zote. Nguzo ilipinda kama upinde, ikanyooka tena. Akaikunja mara ya pili, jasho likimtoka. Alitamani ikatike. Kama hii ingekatika, basi angekuwa amedanganywa tangu mwanzo, kama mtu mwingine yeyote. Haikukatika.

Saa tatu na nusu simu iliita.

"Mzee, mimi ni Caro, Mkenya, rafiki ya Muzdalifa. Tuko salama, usishtuke. Lakini huyu msichana wako ni kichwa ngumu! King'ora kimelia, askari wa hifadhi anatuambia sote tukimbilie vyoo vya zege, yeye anabaki ndani ya hema akishikilia nguzo. Ati haliwezi kuanguka, babake amelikagua! Zimekatika zote mara moja, hema likamfunika, upepo ukaanza kumburura kwa maji. Nimemvuta na mguu. Haya, mwenyewe huyu."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeumia?"

"Nguzo imenichana shavuni. Kidogo tu. Baba, unisamehe. Hema lako limekwenda na maji."

Chausiku, aliyekuwa akisikia yote, alimshika mkono. "Sema alhamdulillahi yaishe," alinong'ona. "Mtoto mzima. Mengine ya nini?"

Abdulrazak aliitazama nguzo nzima iliyolala mezani.

"Muzdalifa, lile hema sikulifungua."

"Lipi?"

"Lako. Sikulikagua. Nilifungua katoni za juu tu, na lako lilitoka chini."

Upande wa pili ilisikika mvua ya mawe ikipiga paa la vyoo na watu wakizungumza Kiingereza kwa sauti za hofu.

"Uliniambia umelikagua."

"Nilikwambia."

Kishindo kikubwa kilisikika, mtu akapiga yowe, na Muzdalifa akasema harakaharaka, kama alivyokuwa akisema utotoni taa zikizimika:

"Usikate simu, Baba."

"Sikati."

"Na hili paa, sijui nalo alilikagua nani."

Abdulrazak aliibana simu sikioni kwa mikono miwili na kuendelea kuisikiliza mvua ya mawe.