Daftari la Pili la Mwalimu Anatolia

Mwalimu Anatolia Kokuberwa wa Izimbya hakuwa mtu wa makuu. Kwa miaka ishirini na sita alifundisha darasa la tatu na la nne, akapalilia migomba yake, akaanika kahawa yake, Jumapili akaenda misa. Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho mwalimu mwingine wa pande zile hakuwa nacho, na kwa kitu hicho ndipo alipochokozwa.

Kitu chenyewe ni daftari. Tangu usichana Anatolia aligundua kwamba Kiingereza hakimshindi mtu kwa maneno makubwa. Kinamshinda kwa yale madogo ya herufi mbili tatu, yanayojibanza nyuma ya kitenzi au jina. Sisi tukitaka kutunza tunasema kutunza, tukitaka kutafuta tunasema kutafuta, na kudharau ni kudharau. Mwingereza ana look moja tu: akiifuatisha na after ametunza, akiifuatisha na for anatafuta, akiifuatisha na down on keshadharau. Anatolia akayaona maneno hayo kama watu na koo zao. Kila neno lina ukoo linakooa na lina muziro wake, ule mwiko ambao kila ukoo wa Wahaya unao. Depend huoa kwa on, wala haigusi of hata kwa dawa. Interested hukaa kwa in.

Basi akayapanga kwa koo, ukurasa baada ya ukurasa, na chini ya kila moja akaandika sentensi ya mfano kutoka mambo aliyoyaona mwenyewe: ng'ombe wa mama yake, mvua iliyoozesha kahawa mkekani, dada yake Theopista alivyonuniana na mumewe siku tisa. Mahali pa fond of aliandika kwamba baba yake, Alexander, anapenda ndizi za kuchoma. Baba alipokufa, wiki ileile ya msiba alirudi kwenye ukurasa huo, akafuta is, akaweka was. Kazi hiyo ilimchukua miaka kumi na tisa.

Akatokea Gamaliel Rugaibula. Huyu alimfundisha Anatolia Kiingereza sekondari, na sasa alikuwa na darasa lake la jioni mjini Muleba, kofia ya pama kichwani mvua na jua, na jina la Bingwa wa Kiingereza alilojipa mwenyewe. Alikuja Izimbya kuhani msiba wa Alexander, akaliona daftari mezani, akaliomba.

"Niazime, binti yangu. Nikusahihishie makosa mawili matatu."

Angekataaje? Alikuwa mwalimu wake, na kahawa ya kutafuna aliyomkaribisha nayo mgeni ilikuwa bado mdomoni. Akampa.

Mwaka ukapita. Siku moja Anatolia alikuwa stendi ya Muleba akisubiri basi la Bukoba, akaona kijitabu kimepangwa kwenye meza ya muuza magazeti. Jaladani kulikuwa na picha ya Gamaliel na pama lake, na chini ya picha jina la Gamaliel. Akakifungua. Koo zake zote zilikuwamo. Ng'ombe wa mama alikuwamo, na Theopista na kununa kwake. Akafika kwenye fond of. My father Alexander was fond of roasted bananas. Yule mtu hakubadilisha hata jina. Alikuwa amemwiba mpaka baba.

Akakirudisha kijitabu mezani. Basi likaja, likaondoka, yeye yumo njiani kwenda kwa Gamaliel.

Gamaliel wala hakukana. Alicheka, akaegemea kiti. "Anatolia, nenda kawaambie watu. Waambie mwalimu wa darasa la tatu wa Izimbya ndiye aliyekiandika. Unadhani nani atakuamini?"

Hapo alisema kweli, na ndiyo iliyouma. Anatolia alirudi kwao akameza mate machungu. Theopista akamshauri asamehe, ajikabidhi kwa Mungu. Anatolia akamjibu wazi kwamba hataki kusamehe. Anataka yule mzee aseme kwa kinywa chake mwenyewe, mbele za watu, kwamba kitabu si chake. Akilala analitaka hilo, akiamka analitaka hilo. Hata kwenye rozari alikuwa akilitaka, Mungu amrehemu.

Ikapita miaka miwili. Wanafunzi wakaanza kumdai Bingwa sehemu ya pili, na Bingwa hakuwa na hata ukurasa mmoja wa kwake. Ndipo pikipiki iliyombeba Gamaliel ikasimama kwa Anatolia, safari hii na mfuko wa sukari na miche ya sabuni.

"Yaliyopita tuyaache," Gamaliel alisema. "Nasikia una daftari la pili. Safari hii nitakuweka kwenye shukrani, jina lako kamili."

"Lipo, mwalimu, ila halijakamilika," Anatolia alijibu, tena kwa upole wa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Nipe miezi mitatu."

Theopista alipopata habari alishika kichwa. Kijiji kizima kikamwita mjinga. Acha wamwite. Anatolia alikuwa akikumbuka jambo moja ambalo kila mwanafunzi wa Gamaliel alilijua: mzee yule hasomi katikati. Enzi zile alikuwa akisahihisha madaftari hivi: anasoma ukurasa wa kwanza, anasoma wa mwisho, kati hapo anashusha alama za vema tu mpaka chini. Anatolia akiwa kidato cha pili aliwahi kurudia aya moja mara tatu katikati ya insha, akapewa Good work. Mtu wa hivyo habadiliki uzeeni, hasa akishavimba kichwa.

Akakaa miezi mitatu kwenye kivuli cha migomba akiandika. Kurasa za mwanzo alizifanya safi, za mwisho safi zaidi, maana hata katika kisasi hakuweza kuwanyima watoto Kiingereza sahihi. Katikati ndiko alikomwaga moyo wake. Kila kirai kilikuwa halali, kila neno limekaa kwenye ukoo wake, ila mifano ilikuwa habari moja tu. Alicheka peke yake akiandika, na hakuona aibu.

Gamaliel alilipokea, akafungua mwanzo, akafungua mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akalipeleka Bukoba mjini kwa Agnetha, mchapaji ambaye Kiingereza kwake kilikuwa herufi tu, akamwagiza asibadilishe hata nukta.

Uzinduzi ulifanyika Muleba, kwenye ukumbi wa kukodi, Jumamosi asubuhi. Wazazi walijaa, walimu walijaa. Nakala mia na sitini zilipangwa mezani. Anatolia alikaa safu ya tatu na Theopista, kitenge kipya, mikono imetulia mapajani. Mgeni rasmi alikuwa Mzee Kahangwa, karani mstaafu wa mahakama, mtu aliyependa kusoma Kiingereza kwa sauti kuliko alivyopenda chakula. Akakata utepe, akafungua kitabu pale kilipojifungulia, katikati, akaanza kusoma na kuwatafsiria wazazi kwa madaha.

"Take away, kuondoka na kitu. Mfano: mwalimu mwenye pama aliondoka na daftari la mwanamke wa Izimbya."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni mzaha wa mwandishi.

"In the name of, kwa jina la. Alilichukua kwa jina la urafiki, siku ya msiba wa baba yake. Pass off, kukifanya cha mwenzio kuwa chako. Aliichapisha kazi ya mwanamke huyo akajiita..."

Mzee Kahangwa akapunguza sauti, lakini miaka yake ya mahakamani ilimzoesha kusoma ushahidi mpaka mwisho. "Get away with. Alidhani hatakamatwa." Akainua macho. Ukumbi mzima ulikuwa ukilitazama pama.

Gamaliel alisimama, kiti kikaanguka. Akampokonya mgeni rasmi kipaza sauti. "Uongo! Haya maneno si yangu! Mimi kitabu hiki sijaandika hata mstari mmoja!"

Sauti ilitoka kwenye spika zote mbili mpaka barabarani. Alipoisikia mwenyewe akakishusha kipaza sauti.

"Kama si wewe," Mzee Kahangwa aliuliza taratibu, "ni nani?"

Anatolia akasimama. "Ni mimi, waitu, ndugu zangu. Hiki na kile cha kwanza. Alexander aliyemo mle ni baba yangu."

"Nilimaanisha ukurasa huu tu!" Gamaliel akadakia.

"Umesema hata mstari mmoja," alijibu Mzee Kahangwa. "Sote tumesikia."

Wazazi wakaanza kupiga kelele, wengine wakitaja polisi, wengine wakiapa kuwatoa watoto kwenye darasa lake. Mzee Kahangwa akawatuliza, akamgeukia Anatolia. "Mwalimu, aliyeumizwa ni wewe. Unataka nini?"

Jibu alikuwa nalo tangu siku ile ya stendi. "Akae kwenye meza ile. Kila nakala akate jina lake kwa kalamu, aandike langu juu yake, kwa mkono wake. Na watu wabaki kumwangalia."

Gamaliel aliangalia mlango. Mlangoni wazazi walikuwa wameshasimama. Akavua pama, akakaa, akashika kalamu.

Kazi ikaenda mpaka jua likageuka. Anatolia alikaa mbele yake akipokea kila nakala, akisoma jina, akiiweka upande. Moja ilipokuja na herufi imerukwa aliirudisha bila neno. Theopista alimnong'oneza kwamba mzee wa watu ameshaaibika vya kutosha, amwachie. Anatolia alijifanya hakusikia. Hakumhurumia hata kidogo.

Ilipofika nakala ya tisini na kitu, Gamaliel aliinua uso, jasho limemlowanisha kola.

"Anatolia, binti yangu. Utanisamehe?"

"Maliza kwanza," alimwambia, akanyoosha mkono kupokea nyingine.