Mtaa Usio na Njaa

Kazi ya Mauwa ni kuuliza watu kama wamekula. Usicheke, ni kazi hiyo! Anavaa kitambulisho shingoni, anabeba kishikwambi cha watafiti, anapiga hodi nyumba kwa nyumba huku Mbagala, na kila jibu analibofya papo hapo. Ni kibarua tu, utafiti ukiisha naye kaisha. Ila safari hii aliipokea kwa moyo wote, maana mtaa utakaoonekana una njaa ndio shule yake itapewa uji wa asubuhi. Na mwanawe Hamida, wa darasa la pili, alishaanguka mstarini kwa tumbo tupu.

Sasa hebu muulize Mswahili kama jana kalala njaa! Atakuonyesha meno yote. "Tumekula, tunamshukuru Mungu." Hata Mwamvita, jirani yake wa ukuta mmoja, alijibu hivyo hivyo huku kajitanda khanga yake nzuri, na jiko lake limepoa tangu juzi. Mauwa alijua. Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini sheria ya kazi ni kuandika ulichoambiwa, si unachokijua, akaandika wamekula. Tena Nurdin, mdodosaji mwenzake, alipofika nyumbani kwa Mauwa na swali lile lile, Mauwa naye alisema wamekula. Angesemaje, jamani? Nurdin anamheshimu.

Matokeo yakatoka: mtaa mzima umeshiba utadhani kulikuwa na harusi. Akaja Dokta Asifiwe kutoka Mikocheni, dada wa Kinyakyusa ambaye utafiti wake ni jinsi makosa yanavyoingia kwenye takwimu, ziwe za hospitali, za mashamba au za shule, zote anazifukua. Alimkuta Mauwa kwenye baraza ya Mwamvita, Mwamvita mwenyewe anamsuka.

"Da Mauwa, mwalimu mkuu ananiambia watoto wanaanguka mstarini. Wewe umeniletea kila nyumba imeshiba. Ulifika kweli, au ulikaa kivulini ukajaza mwenyewe?"

Uso ulimuwaka Mauwa. "Nilifika zote, Dokta. Hawakunidanganya. Wamejisitiri."

"Kujisitiri sina pa kuandika," Asifiwe akasema taratibu. "Nipe nyumba moja tu ibadilishe jibu, nitaomba mtaa wote uulizwe upya. Hata yako."

Mikono ya Mwamvita ilisimama kichwani pa Mauwa. Mauwa aliona aibu mpaka kwapa zikalowa. Lakini alimkumbuka Hamida alivyorudishwa nyumbani siku ile, mdomo umejaa vumbi, akajikaza.

"Kwangu tulilala njaa. Tena si siku moja."

"Weee!" Mwamvita akaruka. "Usimsikilize, Dokta! Huyu alale njaa na mie nipo hapa? Mie jirani gani basi? Niliwapelekea wali kwa mikono yangu, na samaki juu!"

Wali gani, samaki gani! Mauwa alitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

"Da Mauwa," Asifiwe akauliza, "jirani yako anasema uongo?"

Hapo pagumu. Akisema ndiyo, kamvua nguo Mwamvita mbele ya mgeni, Mwamvita huyo huyo aliyemshika mkono wakati anamzaa Hamida. Akisema siyo, uji umekwenda. Alimtazama shoga yake, akaona macho yanambembeleza. Akainama.

"Aliniletea," akasema. "Nilisahau."

Asifiwe alishusha pumzi. Majibu yanayopingana hayafai, akaeleza, hana la kufanya nayo. Akalifuta jibu jipya, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Mwamvita alirudi kusuka, lakini vidole havikushika nywele. Gari lilipokata kona akainama sikioni kwa mwenzake.

"Mama Hamida, unga unao?"

"Sina."

"Na mie sina," akasema Mwamvita, akaanza kulia.