Aliyesomeshwa kwa Damu ya Baba Yangu

Ami alinishika kifundo cha mguu nikiwa nimeshakaa juu ya lori, akanivuta kama mtu anayeshusha gunia.

"Shuka, adeer," akasema. Kwetu ami na mtoto wa nduguye huitana kwa neno hilo hilo moja, kwa hiyo hata saa ile alikuwa akiniita kwa upendo. "Shuka haraka, wanaondoka."

Nilidhani mama ameanguka huko nyuma. Nikashuka. Wanajeshi walikuwa wameshawasha magari yao mbele na nyuma ya msafara, maana miaka ile ya vita hakuna aliyevuka Tana kwenda upande wa Kenya bila bunduki kumsindikiza. Upande wa Kenya, ndivyo tulivyosema, kana kwamba sisi tuko kwingine. Nilipokanyaga chini tu, ami akaanza kunifungua vifungo vya shati la shule. Sikumzuia. Mtoto hamshiki ami yake mkono. Kando alisimama mwanawe mkubwa, kifua wazi, anatazama matairi. Shati likatoka kwangu likaingia kwake, likambana kwapani, kifungo cha tumboni kikakataa kufunga. Sanduku langu la bati lilikuwa mkononi mwa chifu. Akampa yeye.

Wavulana waliokuwa juu ya lori wakaangua kicheko. "Waryaa! Mtoto wa dereva amenenepa ghafla!" mmoja akasema. Mwenzake akajibu, "Wamebadilisha mbuzi mnadani!"

Mwalimu aliyekuja kuwachukua alikuwa mtu wa bara, asiyetujua. Aliuliza, "Mtoto wa marehemu dereva ni yupi?"

Chifu akamwekea mtoto wa ami mkono begani. "Huyu hapa, mwalimu."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Ningeweza kuligusa lori. Likaondoka, vumbi likanijaa kinywani, na hadi leo, mtu akiniuliza vita vya shifta vilikuwaje, wenzangu husimulia risasi, mimi ladha ya vumbi hilo ndiyo inayonirudia.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliishia darasa la nne, na Kiswahili changu kingine nilikiokota sokoni nikiuza mifugo ya watu. Mwanangu amenionya nisitaje jina la mtu, kesi ni nyingi siku hizi. Sawa. Nitataja kazi zao: ami yangu, chifu wetu, na DO wa wakati ule. Mtu yeyote wa umri wangu hapa mtaani Galbet, au kule Iftin, hatahitaji zaidi ya hapo.

Baba alikuwa dereva wa gari la wagonjwa hapa Garissa. Vita vilipoanza, Kenya inapata uhuru na watu wetu wengi wanataka kwenda na Somalia, kazi yake ikawa kuokota watu. Aliokota askari, aliokota shifta, waasi wa msituni, aliokota wachungaji waliokuwa wakitafuta ngamia aliyepotea wakakutwa katikati. Hakuna upande uliompenda kwa hilo. Watu wa msituni walimwita mbwa wa serikali. Askari nao, akivua kaki na kujifunga macawis yake, kikoi chetu, walimlaza kifudifudi wakampekua kama mwingine yeyote. Mama alimsihi aache.

"Nikiacha, nani ataendesha?" baba alimwambia. "Daktari? Yule hata gia ya kurudi nyuma haijui."

Alikufa akirudi kutoka njia ya Mbalambala. Majeruhi alikuwa ameshafungwa bandeji na kulazwa nyuma, dresa amekaa naye. Gurudumu la mbele likakanyaga bomu lililofukiwa mchangani. Dresa alipona, ndiye aliyetusimulia. Tulimzika baba alasiri ile ile. Jeneza liliwekwa mabegani, na nakumbuka wabebaji walivyotazamana, kwa sababu halikuwa na uzito wa mtu mzima.

Mama akiwa bado ndani ya eda, DC, mkuu wa wilaya, aliitisha baraza. Nilikaa mbele kabisa. Alisema dereva huyu amekufa akiokoa watu, kwa hiyo mwanawe atasoma shule ya bweni bila kulipa ada, wala chakula, wala vitabu, na akifika chuo, chuo pia. Akaniita nisimame watu wanione. Nikasimama. Watu wakapiga makofi. DO, msaidizi wake, kijana mwembamba kutoka bara, alikuwa ubavuni pake, akanitazama, akatabasamu. Chifu alifasiri kila neno kwa Kisomali, na alifasiri vizuri siku ile, siwezi kumnyima haki. Karatasi hatukuomba. Utamwomba karatasi mtu aliyeapa mbele ya mji mzima?

Baada ya eda mama aliolewa na ami. Wasiotujua wasishangae: ni mila, tunaiita dumaal. Mume akifa, nduguye humwoa mjane ili watoto wasitapakae. Mama hakushikiwa fimbo. Alikubali kwa ajili yangu, aliniambia mwenyewe. Nyumba ya hospitali tulikuwa tumenyang'anywa, amepewa dereva mpya, na mwanamke bila mwanamume siku zile alikuwa kuku katikati ya barabara. Alitaka ukuta wa kuniegemeza mpaka siku ya lori. Aliona dumaal ni ukuta. Ndiyo iliyotumaliza.

Kwa maana tulihamia kwa ami, na ami alikuwa kijijini. Kijiji, ndivyo serikali ilivyokiita. Watu wa porini walikuwa wamekusanywa wakazungushiwa miiba na seng'enge, ili shifta wasipate wa kuwapa maziwa. Sisi tulikiita xero, yaani zizi la mifugo. Kutoka ni kwa kibali, na malisho ni ya karibu tu. Mbuzi walimaliza nyasi, wakatafuna ua, wakaanza kufa. Kisha zikaanza kufa familia zilizokuwa zikiishi kwa mbuzi hao. Humo ndani shule ya bweni haikuwa elimu tu. Ilikuwa uji asubuhi na maharagwe jioni. Ilikuwa kutokufa.

"Wewe una mlango, hooyo," mama alikuwa akiniambia, kwa maana mama wa Kisomali humwita mtoto wake mama. "Wenzako wote hapa hawana. Vumilia tu."

Adhuhuri moja chifu alikuja kunywa chai ya rangi kwa ami. Mimi nilikuwa nimelala nyuma ya mkeka kwa homa. Walijua nipo, hawakujali.

"Mtu wako akiuawa, ukapewa kitu, kitu hicho kinaitwaje?" ami aliuliza.

"Mag," chifu akasema. Fidia ya damu. Na kwetu mag haipewi yatima peke yake, wanaume wa ukoo huigawana.

"Basi shule hii ni mag ya ndugu yangu."

"Haye."

"Na nyumba ya ndugu yangu sasa ni nyumba yangu. Mkubwa wa nyumba ni nani?"

"Ni huyo wako wa kwanza."

"Umesema mwenyewe. Mdogo atachunga."

"Atachunga nini?" chifu akauliza. "Mbuzi wamekwisha!" Wakacheka wote wawili, chai ikamwagika.

Mama aliporudi kutoka kwenye foleni ya maji nikamweleza. Alinipapasa paji la uso. "Ni maneno ya wanaume wasio na kazi," akasema. "Ami yako hawezi. Wewe ni nyama yake." Asubuhi ya safari alinivalisha shati lile, ambalo wafanyakazi wenzake baba walichanga kulinunua pamoja na sanduku, akaniaga kwenye lango kwa sababu yeye hakuwa na kibali cha kutoka. Kabla ya adhuhuri nilirudi lango lile lile kifua wazi.

"Shati umeuza?" askari wa lango akanitania.

Mama alinitazama. Alivua mtandio wake akanifunika nao, akabaki kichwa wazi mbele ya wanaume, yeye ambaye hata jirani hakuwahi kuona nywele zake.

Kesho yake alipata kibali, akanichukua mpaka ofisini. DC aliyeahidi alikuwa ameshahamishwa. Kwenye kiti alikaa yule DO. Yeye hakujua Kisomali, mama hakujua Kiswahili. Mkalimani wa ofisi alikuwa nani? Chifu.

Mama akasema, "Mwambie mtoto waliyempeleka si wa marehemu. Wa marehemu ni huyu. Nimemzaa mimi. Mwambie amtazame uso."

Chifu akamgeukia DO. "Anashukuru serikali kwa kumsomesha mwanawe, bwana. Anauliza kama na huyu mdogo anaweza kupata nafasi."

Nilikuwa na madarasa manne ya Kiswahili kichwani, na yalitosha. "Hakusema hivyo!" nikapiga kelele. "Bwana, mtoto wa dereva ni mimi! Wewe ulikuwepo barazani. Uliniona nikisimama!"

DO alinitazama. Wallahi alinitazama, tena kwa muda, na nikaona kabisa usoni mwake kwamba ananikumbuka. Kisha akamgeukia chifu. "Huyu anasema nini?"

Mimi nimesema Kiswahili, lugha yake yeye, naye anamwuliza chifu nimesema nini.

"Wote ni wa nyumba moja, bwana," chifu akasema. "Baba yao sasa ni mmoja. Wanagombania nafasi. Mambo ya ukoo."

"Mambo ya ukoo malizeni huko kwenu." DO alishaanza kuvuta faili jingine. "Sisi tuliahidi mtoto mmoja, mtoto mmoja ameenda. Mwingine aingie."

Nje mama aliniuliza, "Amesema nini?" Nikamwambia. Akakaa chini pale njiani, kwenye jua, watu wanampita. Nilimvuta mkono ainuke, hakuinuka. Nadhani hakuinuka tena kamwe, ingawa alitembea mpaka xero na akaishi miezi kadhaa. Alikufa kwa kuhara vita vikielekea kuisha. Ami alikuja na sanda, akalia sana, akasifiwa kwa kulia.

Mimi nilichunga kweli. Wanyama wa watu, miaka mingi, mpaka kule Rhamu nimefika na miguu hii. Mtoto wa ami akamaliza ile shule ya bweni. Akaenda sekondari. Akaenda chuo Nairobi. Kila mlango aliofika ulifunguka kwa neno moja, kwamba yeye ni mtoto wa yule dereva. Siku hizi ni mkubwa katika ofisi, na kwenye harambee za kuwachangia yatima yeye ndiye anayepewa kipaza sauti. Niliwahi kumsikiliza nikiwa nimesimama nyuma, na wauza mbuzi wenzangu. Alisimulia jinsi marehemu baba yake alivyokuwa akizima injini njiani, anashusha kioo, anasikiliza kama kuna mtu anayelia porini. Watu waliguswa, wanawake walifuta macho. Ni kweli, baba alifanya hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa naye kwenye gari. Nilimsimulia mtoto wa ami tukiwa wadogo, tunacheza.

Nilimngoja nje. Alinitambua mara moja, akanikumbatia.

"Ndugu yangu," akasema, "na mimi nilikuwa mtoto. Wewe ulivuliwa, mimi nikavishwa. Nani aliniuliza?"

"Ulipokuwa chuoni bado ulikuwa mtoto?"

Akanishika bega. "Una watoto wangapi? Niletee mmoja, nitamtafutia nafasi."

"Utamwandikisha kwa jina gani?" nikamwuliza. "Mjukuu wa nani?"

Akatazama saa yake. Dereva wake akamfungulia mlango.

Mwaka jana mwanangu aliitwa chuo, na sina cha kumpeleka. Nilikwenda ofisi ile ile ya DO nikaeleza habari ya babu yake. Msichana wa pale alikuwa na adabu, alinipa kiti. Alikwenda ndani, akarudi, akaniambia, "Mzee, familia hiyo ilishasaidiwa. Mtoto wa huyo dereva alisomeshwa mpaka akamaliza." Mwanangu alikuwa kando yangu. Tulirudi nyumbani.

Kwa hiyo naandika. Chifu amekufa, Mungu ndiye anayemhoji sasa, na sitamwombea aachiliwe haraka. Ami yuko hai. Anaswali safu ya kwanza na vijana wanamshika mkono kuvuka barabara. Ami, simama Ijumaa moja, kabla hujachukuliwa, uwaambie watu yatima wa nduguyo alikuwa nani. Kwa sauti yako mwenyewe.

Na wewe DO, najua umestaafu, una shamba huko bara. Ulikuwa na mtoto mbele yako, anakuambia kwa lugha yako kwamba ameibiwa, na ulikuwa unamjua. Kwa nini ulimwuliza mwizi? Sikuulizi kuhusu vita, wala kuhusu seng'enge, hayo utajibu pamoja na wakubwa wako. Nakuuliza kuhusu dakika ile moja.

Na ofisi iliyorithi kiti chake nayo isinipe kiti tena. Kulitolewa ahadi mbele ya mji huu, na mtoto aliyeahidiwa hajasomeshwa kwa ahadi hiyo hata siku moja. Yupo, ana mvi, anauza mbuzi, na ana kijana aliyeitwa chuo. Nani kati yenu atatoka nje aseme ni nani aliyeila haki hiyo, na mwanangu aingie kwa mlango upi?