Udongo wa Halfani

Mume wangu Halfani alipoamua kuwa mtu mwema, mimi ndiye niliyekiona cha moto. Kuku wangu wa mayai alimpeleka kwa mgonjwa. Mtungi wangu mkubwa aliuweka njiani ili wapita njia wanywe maji, na wapita njia wakapita nao. Nikiuliza, ananijibu kwa ile sauti ya upole inayoniudhi kuliko matusi: "Mama Mgeni, tunatafuta radhi za Mungu." Tunatafuta! Mimi nilikuwa nimempotezea nani?

Aliyekosa ni yeye, na alinieleza mwenyewe siku moja homa ilipomkamata akadhani anakufa. Zamani, Wadachi walipokuja na boma lao na uroho wao wa nyama, Halfani alikuwa mchuuzi wa chumvi na kaniki. Alizunguka Ugogo wote. Kila nyumba alikaribishwa ugali wa uwele na mlenda, na kila nyumba alionyeshwa ng'ombe. Sasa, Wagogo wana jambo lao: mwenye ng'ombe hawaweki wote zizini kwake. Humkabidhi rafiki awachunge, rafiki anakunywa maziwa, na siku moja anapewa ndama wake. Kwa hiyo akida alipopita kuchukua ng'ombe wa kulisha askari, zizi la mzee Matonya pale Chang'ombe lilikuwa na mbuzi na mbwa mwenye upele, basi. Ng'ombe wake walikuwa Kizota kwa swahiba yake Ndahani. Halfani alijua, maana maziwa yao alikwisha kuyanywa. Akida akamwahidi kofia nyekundu yenye kishada, na mume wangu akanyoosha kidole. Kofia yenyewe iliisha kwa mchwa mwaka uleule.

Askari wakawazoa ng'ombe wote. Matonya akasema aliyemuuza ni Ndahani, kwani nani mwingine alijua walipo? Tangu siku hiyo wazee wale hawakuamkiana. Na Ndahani hakukabidhiwa tena hata mbuzi na mtu yeyote, jambo ambalo kwa Mgogo ni kuzikwa ukiwa bado unapumua. Wanawe walikataliwa wachumba. Halfani angeweza kuyamaliza yote hayo kwa maneno machache. Badala yake akaamua kukandika mapaa.

Nyumba za huku, tembe, paa lake ni bapa, fito juu yake udongo, na kabla ya mvua lazima udongo mpya. Kila mwaka Halfani alipanda juu ya nyumba ya Ndahani akakandika bila kuombwa. Ndahani akawa anamwita mtu wa Mungu.

"Mwambie," nilimwambia.

"Nitamwambia, Mama Mgeni. Nimalizie paa kwanza."

"Unamhonga Mungu kwa udongo, wewe? Ndiye aliyeuumba, anao wa kumtosha!"

Alikwenda kukandika vilevile. Paa la Ndahani likawa nene kuliko la boma la Wadachi.

Basi, gari moshi lilipokwisha kufika Dodoma, na punda wetu akakosa mizigo, Halfani akambadilisha kwa ng'ombe mtamba. Nikasema alhamdulillahi, akizaa tu, maziwa! Maziwa gani? Alimswaga mpaka Chang'ombe kwa Matonya, ampe zawadi. Nilimfuata, angalau nimuage kwa macho huyo aliyemeza punda wangu.

Matonya alimpapasa yule mtamba mgongoni, machozi yakamtoka. "Mbukwa, mwanangu, mbukwa," akawa anamwamkia Halfani tena na tena. Kisha akasema, "Lakini hapa siwezi kumweka, akida ana macho. Lazima nimkabidhi mtu. Tangu Ndahani aniuze sijamwamini mtu. Leo nimempata." Akachukua kamba, akaitia mkononi mwa Halfani.

Mungu anisamehe, nilicheka mpaka kanga ikataka kunivuka. Halfani alikuwa amepauka midomo.

"Siwezi kumchukua, mzee."

"Kwa nini?"

"Twende Kizota. Nitasema kule, mbele ya Ndahani."

Tulimkuta Ndahani uani. Alipomwona Matonya aligeuka akatupa mgongo. Halfani akasimama katikati yao na kamba yake.

"Ng'ombe wale mimi ndiye niliyemwonyesha akida," alisema. "Ndahani hakutamka neno. Alionewa bure."

Mtamba akakojoa, akakojoa kwa muda mrefu, sote tukimngoja kwa adabu.

"Na paa langu?" Ndahani akauliza polepole.

"Nilikuwa nakandika kwa ajili hiyo."

"Miaka yote nakuita mtu wa Mungu, kumbe uko juu ya kichwa changu umenyamaza?" Akashika jembe, akapanda juu ya tembe, akaanza kubomoa udongo wa paa. "Chukua udongo wako! Chukua wote!" Mabonge yakawa yanaanguka miguuni petu, na upande wa milimani mawingu yalikwisha kuwa meusi.

Mara Matonya akatupa fimbo yake, naye akapanda. Nikajua sasa wanauana. Kumbe aliushika mpini wa jembe.

"Basi, swahiba. Mvua ile. Utalala wapi?"

"Inakuhusu nini wewe? Uliniita msaliti."

"Nilikuita."

"Uliniita na fisi!"

"Na fisi nilikuita," alisema Matonya, akaketi palepale juu ya paa, akalia. Ndahani akaketi kando yake. Wakalia wote wawili, wazee wazima, huku wakitukanana kwa Kigogo.

Walipochoka, Matonya akachungulia chini. "Wewe! Mfunge ng'ombe zizini. Anakaa hapa kwa Ndahani."

Halfani akamfunga. Kisha akarudi, akaweka mguu kwenye ngazi.

"Hupandi," alisema Ndahani. "Juu ya nyumba yangu hupandi tena maisha yako. Kanyaga udongo huko chini, tutapandisha wenyewe."

"Umenisamehe, mzee?" Mume wangu hana haya.

"Nimesema kanyaga udongo."

Halfani akayamwagia mabonge maji, akaingia, akakanyaga. Alikuwa analia na kamasi zinamtoka, na hakuwa na mkono safi wa kujifutia. Nilimtazama. Kuku wangu, mtungi wangu, punda wangu, vyote vimekwenda, na alichopewa ni tope. Nikakaza kanga yangu kiunoni, nikaingia.

"Mama Mgeni, unafanya nini?"

"Nyamaza ukanyage," nilimwambia. "Mvua hiyo imefika."