Cherehani Ile Haikuwa Yake

Juma lililopita tulimzika fundi baiskeli wa kijiji chetu cha kando ya reli, upande wa Usoke, yule aliyekuwa akipiga kengele ya baiskeli mlangoni badala ya kubisha hodi. Mwenyezi Mungu amrehemu. Alinitania maisha yake yote, na sidhani atachukia nikimrudishia kidogo leo.

Alioa Tabora mjini, mtaa wa Cheyo, Uhuru ukiwa bado mbichi, nami nilikuwa mmoja wa mashahidi wa ndoa. Bibi harusi alitaka mahari ya cherehani, na hapo hakuna aliyeshangaa. Kisha mjomba wake akatoka ndani na sharti: cherehani na kipato chake ni mali ya mke, na mume hataitoa wala kumwazima mtu bila idhini yake. Wageni wakaguna. Mzee mmoja akaninong'oneza, "Huyu binti anaolewa au anafungua duka?" Shehe akamgeukia bwana harusi. "Umelisikia sharti?" "Nimelisikia, shehe. Hata angetaka garimoshi na stesheni yake, ningekubali." Tukacheka, pilau ikaletwa, na nadhani ni pilau ile iliyomsahaulisha.

Miaka ya Ujamaa wakahamia kijijini, nami nikawafuata kusomesha watoto Kurani. Rafiki yangu aliupenda Ujamaa kwa moyo safi, ila mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko mfuko wake. Siku moja alikuja mgeni kutoka wilayani, akauliza nani atachangia nini kwenye karakana ya kijiji. Fundi akasimama wa kwanza. "Ndugu zangu, mimi natoa cherehani!" Makofi yakapigwa. Yalipotulia, sauti ya mkewe ikasikika kutoka upande wa akina mama. "Cherehani ipi, mume wangu? Yako sijapata kuiona."

"Si ile ya nyumbani? Niliinunua mwenyewe!"

"Uliinunua, ukanipa, ukanioa. Ile ni mahari yangu. Wewe toa baiskeli."

Watu walicheka, lakini mgeni hakucheka. Akamuuliza mama yule kama anaupinga Ujamaa, na siku zile swali hilo halikuwa la mchezo. Naye akajibu kwa adabu, "Siupingi, ndugu. Nitawashonea watoto wote wa shule sare. Lakini mwenye kutoa ni mwenye mali, na mwenye mali ni mimi. Shahidi yupo, muulize." Nikasimama, nikasema nililolisikia Cheyo. Mgeni akatutazama sote, kisha akamwambia fundi, "Haya, bwana. Lete baiskeli."

Akaileta. Alitembea kwa miguu msimu mzima, fundi baiskeli asiye na baiskeli, na kila aliyekutana naye alipiga kengele kwa mdomo. Baadaye mkewe alimnunulia nyingine kwa fedha ya kushona, akamkabidhi mbele yangu. "Hii ni yako kabisa. Ila ukisikia makofi, kaa chini."

Wapo wanaoona aibu kuzungumzia mali kabla ya ndoa, kana kwamba mapenzi yataingia kutu. Dini yetu haikuona aibu hiyo. Ilimpa mke mali yake na ikatuamuru kutimiza ahadi. Nyumba ile sikuisikia ikigombana juu ya fedha, kwa kuwa kila mmoja alijua mkono wake unaishia wapi, na walipopeana, walipeana kweli.

Baada ya maziko, ndugu wa marehemu walianza kutaja mali ya kurithiwa, na mmoja akaitaja cherehani. Mjane alikuwa chumbani, amekaa eda. Nikakohoa nijiandae kutoa ushahidi wangu mara ya pili, lakini mtoto wao mkubwa akanitangulia. "Hiyo si ya baba, ami. Kila Idi alitusimulia mwenyewe jinsi alivyopoteza baiskeli." Wote wakacheka, msibani, na neno likaishia hapo.

Basi vijana mnaokuja kwangu kutaka kufunga ndoa, masharti yenu yasemeni mapema, wakati pilau bado iko jikoni na kila mtu anacheka. Yatawafaa siku ambayo hakuna anayetaka kucheka.