Uzi wa Maji wa Ozithe

Tangu theluji ya kwanza idondoke hadi barafu ya mto ipasuke, Ozithe Pelletier hakulifunga bomba la jikoni kwake. Aliliacha litoe uzi mwembamba wa maji, akaupima kwa ncha ya kidole kabla ya kulala: ukiwa mnene, kisima kitakauka, ukikatika, paipu itaganda ipasuke. Hata nyumbani kwa watu, hata mwezi wa saba wakati wa joto, ukimwacha peke yake karibu na sinki ungekuta maji yanachuruzika.

Lawama zote zilikuwa za dirisha. Alipoolewa alitaka sinki likae mahali pa kuona barabara, na mumewe Lionel, ambaye mapenzi yake yalikuwa bado mabichi, akaipitisha paipu ndani ya ukuta wa kaskazini, upande wa baridi kali. Basi kila vuli walizungushia msingi wa nyumba matawi ya misonobari yazuie upepo, na milango ya kabati la chini ya sinki ikakaa wazi msimu mzima ili joto la jiko la kuni liingie.

"Nilioa mke mmoja, bomba likaja kama mke mwenza," Lionel alizoea kuwaambia wageni.

"Afadhali lenyewe halikoromi," Ozithe alimjibu.

Lionel alifariki Januari. Ardhi ilikuwa jiwe kwa baridi, haichimbiki, kwa hiyo baada ya misa walimlaza kwenye chumba cha makaburini angoje masika, watu wakarudi nyumbani kula mchuzi wa kuku na ploye, zile chapati zinazoiva upande mmoja bila kugeuzwa. Wanawake majirani waliosha vyombo, kisha kwa heshima ya msiba wakaifunga milango ya kabati. Nani huacha kabati wazi mbele ya padri? Naye Normand, mtoto wa kiume aliyehamia mjini kusini, akalikaza bomba.

"Maji yanapotea bure hapa," alisema.

Dada yake, Jeannine, aliyekuwa akifuta sahani, alimsikia, akadhani mama atalifungua tena kama kawaida yake. Lakini jioni ile mama alishindwa hata kuvaa viatu kwa uchungu, wakamchukua akalale kwa Jeannine.

Asubuhi walirudi, wakawasha jiko lililozimika usiku. Nyumba ilipoanza kupata joto, maji yakafoka kutoka ukutani, yakashuka kwenye mbao za sakafu. Shangazi Bernadette, dadake marehemu, akaja mbio na majirani, wameshika ndoo na matambara.

"Mama, umesahau kuacha bomba wazi!" Normand alisema, watu wote wakisikia. "Utaishije hapa peke yako?"

"Si wewe uliyelikaza jana?" Jeannine alimrukia. "Nilikusikia kwa masikio yangu!"

"Mimi? Mimi na bomba la mama wapi na wapi?"

"Jamani, acheni," Shangazi alisema. "Msiba haujapoa."

Ozithe aliutazama mkono wa mwanawe. Kisha akainama, akakamua tambara kwenye ndoo.

"Ni mimi," alisema. "Nimesahau."

Neno hilo ndilo lililommaliza. Normand aliondoka kesho yake, lakini neno lilibaki, likazunguka bonde zima: Ozithe anasahau, Ozithe ataiunguza nyumba siku moja. Masika, Lionel alipozikwa, mkewe alifika kaburini akitokea makao ya wazee, alikohamishiwa. Nyumba yao ilinunuliwa na watu wanaokuja kiangazi tu. Hawaweki matawi.

Jeannine aligombana na mama yake mara nyingi. Sema ukweli, mama. Mama aliuliza kama nje kuna upepo. Normand alituma maua kila Krismasi, na wauguzi walilifunga bomba la chumbani mwake kila walipopita. "Bibi, paipu za hapa hazigandi," walimwambia, wakicheka kwa wema.

Jumapili moja ya Februari, Jeannine alimkuta kitandani, hana tena nguvu ya kufika kwenye sinki. Alilifungua bomba mwenyewe, akaupunguza uzi kwa kidole mpaka ukawa sawa. Akaketi, akauliza tena, safari hii bila hasira, kwa nini alijibebesha kosa lisilo lake.

Ozithe aliyasikiliza maji kwanza.

"Ningemuumbua mbele ya shangazi yake, angeondoka palepale. Ana kiburi cha baba yake yule. Nilidhani nikisema ni mimi, atabaki kidogo, autengeneze ukuta."