Nywele Ndani ya Kiota cha Mama Paskalia

Nimezunguka sana nchi hii na damu nimeiona. Ila iliyonikaa kichwani ilimwagika Kilakala, Morogoro, mchana kweupe, kwa sababu ya kiota cha shomoro.

Msicheke kwanza.

Ilikuwa enzi za ruksa. Viwanda vinapunguza watu, kila aliyepunguzwa anafungua kibanda. Mimi nilishuka na lori la kabeji kutoka Mgeta, nikapata kibarua kwa Mama Paskalia, mkunga mstaafu. Bustani yake ilikuwa inamalizwa na viwavi na dawa ya dukani haishikiki bei.

"Fundi, nitengenezee nyumba za ndege," akaniambia. "Ndege mwenye makinda anaokota viwavi kutwa nzima."

Nikajua bibi kachanganyikiwa. Lakini hela ni hela, nikagonga visanduku vya mbao.

Kazi yenyewe ina masharti yake. Tundu liwe dogo, kunguru asipitishe kichwa. Usilielekeze jua la mchana wala upande mvua inakotokea. Nguzo unaivika bati ili nyoka ateleze. Makinda wakisharuka, unafungua kifuniko unatoa kiota cha zamani, maana kinajaa utitiri.

Hiyo ya kusafisha ndiyo ilituponza.

Asubuhi moja nafungua sanduku la karibu na njia, jirani yetu Mwanaheri anapita na ndoo. Mwanawe alikuwa hoi na degedege, na mtaani pale wengi waliamini degedege huletwa na ndege akipita juu ya mtoto.

Nikatoa kiota. Kimetandikwa nywele. Nywele za watu.

Mwanaheri akatua ndoo taratibu.

"Fundi, hizo nywele za nani?"

"Wameokota ndege, dada."

"Ndege wa nani?"

Akaondoka, ndoo akaiacha pale pale.

Mtaa ule nywele za mtu hazitupwi ovyo. Zinafukiwa, mbaya wako asije akazifanyia kazi. Na kinyozi alikuwa mmoja tu, Thobias, aliyepunguzwa kiwandani. Aliwaahidi wateja anazifukia. Wapi! Alikuwa anazimwaga korongoni nyuma ya kibanda chake.

Mwanaheri alipoeneza habari, wateja wakambana: nywele zetu zimefikaje kwa bibi? Thobias akaona bora awahi yeye kumtupia bibi lawama.

Adhuhuri kikanuka.

Uani watu wamejaa, mapanga, michi, mawe. Thobias yuko mbele, Mwanaheri kando yake.

"Bibi huyu anakuja kuniibia nywele zenu," akasema. "Hivi visanduku ni vya kufugia ndege wa degedege."

Mama Paskalia akatoka, kanga kiunoni. "Thobias, baba, mtoto apelekwe hospitali kwanza. Hiyo ni malaria."

Thobias aling'oa ubao wa sanduku akamchapa nao mdomoni. Bibi akatema meno. Kabla hajashika ukuta, msukuma mkokoteni mmoja, Yusuph, akamshushia mchi mguuni. Nikausikia mfupa.

Nikaingia kati. Nikapigwa bapa la panga sikioni, na sikio lile hadi leo halisikii vizuri.

Mtu mmoja nyuma akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leteni mafuta ya taa."

Hapo nikajua Mama Paskalia anachomwa. Nikapaza sauti: "Nywele anamwaga Thobias korongoni. Ndege wanaokota wanatandika viota. Nendeni mkachungulie kwenye paa lake mwenyewe, muone kama hazimo."

Nyumba ya Thobias ilikuwa hapo ng'ambo ya njia. Yusuph akapanda, akapenyeza mkono chini ya bati, akashuka na kiota cha shomoro.

Kimejaa nywele.

Michi ikashushwa. Mimi nikapumua. Nikasema moyoni, tumepona.

Mwanaheri akakitazama kile kiota, akamtazama Thobias.

"Kumbe mpo wawili," akasema.

Jamaa hakupata hata nafasi ya kukimbia. Walimlaza kifudifudi, mkono wake wa mkasi wakauweka juu ya jiwe, wakautwanga kwa mchi hadi vidole vikawa havijulikani kipi ni kipi. Alikuwa anamwita mama yake.

Aliyejiburuta na mguu uliovunjika akamlalia juu ni Mama Paskalia. Mchi uliofuata aliupokea yeye, mgongoni.

Askari walipofika na kupiga risasi hewani, bibi alikuwa bado kamkumbatia.

Wote wawili walipona. Mtoto naye alipona, kwa sindano za malaria. Mkono wa Thobias haukushika mkasi tena.

Nilikwenda kumwona wodini. Akanitazama kwa jicho lililobaki wazi.

"Fundi, ulijua watanigeukia?"

"Nilijua wataelewa."

"Walikuja kuelewa, wale?"

Ninyi mnaosoma hapa nawaambia: ukikuta watu wameshika michi wanamtaka mtu, usihangaike kuwaonyesha ukweli. Wataupokea, halafu watautumia kumpigia mwingine. Mtoe mtu wako pale kwanza. Ukweli utausema wakisharudi makwao.